Zulia la Mzee Gunia

Mzee Gunia alikuwa hasikii. Tuseme hivyo mapema tumalizane nalo, maana yeye mwenyewe alitumia miaka mingi akilikwepa neno hilo kama mtu anayeruka dimbwi la maji njiani. Kiziwi wa kabisa hakuwa. Ukimsogelea, ukamtazama usoni na kupaza sauti, mnaelewana vizuri tu. Lakini ukigeuza mgongo, au ukimsemesha ukiwa chumba cha pili, umeongea na ukuta.

Masikio yake aliyaacha kazini. Aliingia kwenye kinu cha unga akiwa kijana asiye na ndevu, akatoka mstaafu mwenye mvi, na muda wote huo alikuwa fundi wa chumba cha mashine, mahali ambapo watu waliongea kwa mikono kwa sababu midomo haikuwa na faida yoyote. Msimamizi wao aliwagawia pamba za kuziba masikio. Gunia alizipokea, akashukuru, akazitia mfukoni, na mfukoni zikakaa. Aliona pamba ni mambo ya waoga. Huyo ndiye mtu tunayemzungumzia, na kama ulishaanza kumhurumia, subiri kidogo, ana vituko zaidi ya hivyo.

Jina nalo lilitoka hukohuko. Alikuwa mtu wa miraba minne, na siku moja vijana wa stoo walimsimamisha kwenye mizani ya kupimia magunia kwa utani. Mshale ukafika kwenye kilo mia, ukapita. Tangu hapo hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake, isipokuwa mkewe, na mkewe alikuwa ameshafariki.

Mkewe ndiye aliyemfichia siri. Mlango ukibishwa, yule mama alimgusa bega. Simu ikilia aliipokea yeye, akasikiliza, halafu akaja kumwelezea mumewe uso kwa uso. Binti yao, mtoto wao wa pekee, alipopiga simu aliongea na mama, na mama akasema, "Baba yako anakusalimu, yuko na waya zake huko chumbani." Binti akasoma, akapata kazi mji mwingine, akaolewa, akazaa, bila kujua kwamba salamu zote hizo za baba zilitungwa na mama. Hakuna aliyekaa chini akapanga kumdanganya. Ilianza siku moja kwa kurahisisha mambo, ikazoeleka.

Siku ya msiba nyumba ilifurika watu, na kila mmoja alikuwa na la kumwambia mfiwa. Gunia hakuambulia hata neno. Aliona midomo ikicheza na macho mekundu, akafanya kile alichoona kinafaa: akatikisa kichwa kuitikia. Kila aliyemsogelea aliitikiwa. Miongoni mwao alikuwa binti yake, aliyemwinamia begani akilia, akamwomba wakimaliza shughuli ahamie kwake wakaishi pamoja. Gunia akatikisa kichwa, akamshika mkono na kuubana.

Baada ya wiki chache binti akaja na gari la kukodi la kubebea mizigo. Alikuwa amewahamisha watoto chumba, amepaka rangi, amenunua kitanda kipana cha kumtosha mzee. Baba akasimama mlangoni akamwuliza hilo gari ni la nini.

Hapo ndipo angesema. Neno lenyewe ni moja tu: sikukusikia. Alikuwa nalo mdomoni. Lakini alimtazama mwanawe, maboksi matupu mikononi na jasho usoni, akaona aibu kumwambia kwamba siku ya kumzika mama yake alimwitikia bila kujua anaitikia nini. Akasema, "Nimebadilisha mawazo."

"Umebadilisha mawazo?"

"Ndiyo. Hapa ni kwangu. Siondoki."

Bora aonekane kigeugeu kuliko kiziwi; ndivyo alivyoamua, palepale, kichwa kigumu kama kawaida yake. Binti akayarudisha maboksi garini, akaondoka bila kunywa hata maji. Tangu siku hiyo akipiga simu haikupokelewa, kwa kuwa mpokeaji hakuwepo tena duniani, na Gunia alimjibu kwa ujumbe: "Nipo salama. Nina kazi." Kazi yenyewe hakuwa nayo.

Chumba chake kilikuwa ghorofa ya juu, mwisho wa ukumbi mrefu wenye milango pande zote mbili. Chini kabisa, kando ya ngazi, alikaa mshonaji, mama mfupi mkavu mwenye cherehani ya miguu na paka mnene kuliko yeye mwenyewe. Hakuna aliyepanda wala kushuka bila mshonaji kumwona. Siku moja Gunia akipita na mkate wake, mshonaji akasimamisha cherehani, akamshika mkono ili atazamwe usoni.

"Mzee Gunia, binti yako alikuja jana."

"Alikuja wapi?"

"Kwako juu! Hukumwona? Alikaa huko kitambo, halafu akashuka anafuta machozi. Nikamsalimu, hakuniitikia. Akapita."

Gunia akapanda ngazi na mkate wake. Aliketi kitandani bila kuvua viatu. Moyo ulimuuma waziwazi, akajua unamuuma kwa nini, na bado akajaribu kuulaumu mlango, kwamba ni mbao nene. Kisha akaandika ujumbe: "Mwanangu, sikusikia ulipobisha."

Jibu likaja upesi. "Ulikuwa unapiga mluzi Baba. Nilikuwa nakusikia. Sawa."

Kweli alikuwa na tabia hiyo. Mikono ikishughulika na kitu, mdomo wake ulipiga mluzi, tangu zama za kiwandani. Mwenyewe hakuusikia, aliuhisi kwenye meno tu. Kwa hiyo mtoto alisimama nje akibisha mpaka vidole vikauma, na ndani baba yake anajipigia mluzi, hana hili wala lile. Gunia aliusoma ujumbe ule mara nyingi kuliko ulivyostahili, na hilo "Sawa" la mwisho ndilo alilolirudia zaidi. Alimjua binti yake. Angekuja mara moja nyingine, kwa sababu ana moyo wa mama yake. Akikuta tena mlango haufunguki, basi, imetoka hiyo.

Mtu mwingine angeandika ujumbe wa pili na kusema ukweli. Mtu mwingine angekwenda kwa daktari wa masikio. Gunia alikwenda kwenye kabati la waya.

Kabati hilo lilikuwa na kila kilichowahi kuharibika katika maisha yake: redio zilizokufa, chaja, rimoti za mageti, saa za mezani, vipande vya saketi alivyovihifadhi kwenye makopo ya kahawa. Kutengeneza vidude ilikuwa starehe yake tangu ujana, na marehemu mkewe alimwachia kabati hilo moja kwa masharti kwamba waya usionekane mezani wakati wa kula. Sasa meza yote ilikuwa yake. Alitandaza vitu mpaka kwenye kiti cha pili, maana hapakuwa na wa kukikalia.

Alichotaka kilikuwa hiki: mtu akisimama mlangoni pake, taa iwake ndani. Unaweza kusema, si aweke kengele ya kubonyeza tu? Aliliwaza hilo. Mwenye nyumba alikuwa hataki kuona hata tundu la msumari kwenye fremu zake. Na hata angekubali, kengele isiyolia inazua maswali. Mtu akibonyeza asisikie mlio, atabonyeza tena, halafu atauliza, na kuulizwa ndiko Gunia alikokukimbia. Zulia la kupangusia miguu halina maneno. Mgeni anasimama juu yake, basi, hata hajui kwamba ameshapiga hodi.

Ndani ya zulia alipanga swichi yake mwenyewe. Karatasi mbili za aluminiamu, zile za kufungia chakula, na katikati yake sponji aliyoitoboa matundu matundu. Ukiikanyaga, sponji inabonyea, karatasi zinagusana kupitia matundu, umeme unapita. Ukiondoka, sponji inafura, zinaachana. Sponji yenyewe ilitoka kwenye mto wa kile kiti cha pili. Alikaa nao mapajani kitambo kabla ya kuutia mkasi, na alipoukata alisema kwa sauti, "Usinikasirikie," kisha akageuka kuhakikisha kwamba kweli yuko peke yake.

Kugusana kwa karatasi ilikuwa kazi nyepesi. Kazi ngumu ilikuwa umeme. Ukumbini hapakuwa na soketi, na waya wa kupita chini ya mlango ungeonekana, kwa hiyo zulia lilipaswa kujitegemea kwa betri ndogo ya duara kama kifungo cha shati, na kutuma habari ndani kwa mawimbi ya redio, kama rimoti inavyofungua geti. Toleo la kwanza lilifanya kazi vizuri sana kwa siku chache, halafu likafa. Gunia akalipima kwa mita yake, akagundua kwamba kile kichipu alichokiweka hakikuwa kinalala. Kilikuwa macho muda wote, kinauliza kuna mtu, kuna mtu, na kila swali linanyonya betri.

"Na wewe unahangaika nini," Gunia alikiambia. "Hakuna mtu."

Akakipanga upya. Sasa kichipu kililala usingizi wa pono, hakiulizi chochote. Mguu wenyewe ndio ungekiamsha. Kikishtuka kinatuma neno moja ndani, na kinalala tena. Hilo likamfurahisha, lakini siku moja alisahau mtungi wake wa gesi juu ya zulia, akakuta betri imeisha. Alipochunguza akaona kosa: karatasi zikikaa zimegusana muda mrefu, umeme ulikuwa unavuja pole pole kupitia rezista, kile kipande cha kubana umeme, kama bomba lisilofungwa vizuri. Akaitoa rezista ile, akaweka nyingine kubwa mno ya kubana, inayoruhusu umeme kidogo kiasi kwamba mita yake ilionyesha sifuri. Akapiga mahesabu kwenye ganda la sigara lililokuwa mezani, akaona betri hiyo moja ingedumu miaka. Huenda ingemzika yeye.

Aliruka kutoka kitini, mzee wa kilo mia na ushee, akageukia mlango wa jikoni kumwita mkewe aje aone sifuri.

Alisimama pale na mita mkononi. Kisha akaizima, kwa kuwa nayo ina betri.

Likabaki suala la paka. Paka wa mshonaji alipenda kulala mahali palaini, na alipogundua kwamba ghorofa ya juu kuna zulia lenye sponji, alihamia. Mara ya kwanza taa ilipowaka Gunia alikurupuka na vifungo vya shati vimefungwa vibaya, akafungua mlango na kusema "Karibu mama!" kabla hajatazama chini. Paka akamtazama, akafumba macho, akaendelea kulala. Mara ya pili ikawa hivyohivyo. Mara ya tatu Gunia aliapa kwamba hafungulii mlango kiumbe chochote chenye mkia.

Alilichukua zulia ndani akaliongezea tabaka la pili la sponji, ngumu zaidi, yenye matundu madogo. Paka akilala, taa kimya. Ndoo ya maji ikiwekwa, taa kimya. Lakini je, mtu? Hapo akakwama kidogo, kwa sababu taa ilikuwa rafuni karibu na kitanda, na kutoka mlangoni haionekani. Akisimama kwenye zulia haoni taa. Akikaa kwenye taa hayupo kwenye zulia. Kazi ya watu wawili, mmoja wa kukanyaga, mmoja wa kutazama. Kiwandani angepunga mkono tu, mtu angekuja. Sasa alipitisha watu wote kichwani: wenzake wa kinu, waliokufa na waliohama, majirani wa ukumbini, ambao angelazimika kuwaeleza zulia ni la nini. Akaenda akakiondoa kioo cha kunyolea ukutani, akakiegemeza kwenye kiti, akakigeuzageuza mpaka mtu aliye nje akiuacha mlango wazi anaiona taa kupitia humo.

Akatoka. Akakanyaga. Kiooni taa ikawaka, nyekundu, safi. Akashuka, ikabaki sekunde chache, ikazima. Akakanyaga kwa mguu mmoja, ikawaka. Akakanyaga pembeni, akakanyaga katikati, akasimama kama mgeni mwenye haraka, akasimama kama mgeni aliyechoka na mizigo. Kila mara taa iliwaka. Akajipongeza, akarudisha kioo ukutani.

Zikaja wiki za kungoja. Zamani, kabla ya zulia, alikuwa na mazoea ya kufungua mlango kila alipokumbuka na kuchungulia ukumbini, pengine kuna mtu. Sasa hakuwa na haja. Alikaa na taa yake. Alikula akiitazama, alisoma gazeti akiitazama kwa jicho la pembeni, na taa ikakaa kimya asubuhi mpaka jioni, akawa na uhakika kamili, wa kisayansi, kwamba hakuna mtu hata mmoja aliyemjia. Iliwaka wakati mmoja tu: alipokuwa anatoka dukani. Alikanyaga zulia, akafungua mlango, akaingia, na rafuni akaikuta taa bado inawaka kwa sekunde zake za mwisho, inamjulisha kwamba kuna mgeni mlangoni. Mwanzoni ilimchekesha. Baadaye akawa anaruka zulia ili asiikute.

Jumapili moja mchana alikuwa amemaliza kula, amekaa na taa yake, akaenda dirishani kumwaga maji ya kunawia. Chini uani akamwona mwanamke anaelekea getini, mkoba begani, anatembea kwa zile hatua fupi za haraka ambazo Gunia aliishi nazo miaka yote ya ndoa yake. Kwa nukta moja alidhani ni mkewe. Kisha akajua ni nani.

Akaita. Sijui aliita kwa sauti gani, na yeye hajui. Mtu asiyesikia hawezi kujua sauti yake imefika wapi. Binti hakugeuka. Gunia akageukia rafu: taa nyeusi tii. Akatoka mbio, akaruka zulia kwa mazoea, akashuka ngazi huku ameshika ukuta, na alipofika getini barabara ilikuwa na watu wengi, na hakuna aliyekuwa wake.

Alirudi juu akihema, akiwa na hasira na kitu kimoja tu duniani, lile zulia. Akalikanyaga kwa nguvu. Akaingia kutazama: taa inawaka. Akatoka akalikanyaga tena. Inawaka. Betri nzima, karatasi nzima, redio nzima. Alisimama katikati ya chumba, macho yamemtoka, hajui alaumu nini.

Akageuka akamkuta mshonaji mlangoni. Alikuwa amepanda ngazi nyuma yake, mikono kiunoni, futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni.

"Mzee Gunia, mimi si mtu wa kuingilia mambo ya watu," alisema, jambo ambalo halikuwa kweli, "lakini hivi unavyofanya si vizuri. Mtoto kakaa huku juu mpaka nikamaliza kupinda gauni zima. Kwa nini humfungulii?"

Gunia alikuwa anamtazama mdomo. Halafu akaacha kumtazama mdomo, akamtazama miguu. Mshonaji alikuwa amesimama kwenye zulia, katikati kabisa, miguu yote miwili. Gunia akageuka taratibu kuelekea rafuni.

Taa haikuwaka.

"Ruka," Gunia alisema.

"Nini?"

"Ruka hapo ulipo. Tafadhali, mama."

Mshonaji alimwangalia kama mtu anayepima kama akimbie. Kisha, kwa kuwa mzee alikuwa ameomba kwa tafadhali, akaruka, mara moja, kidogo, ndala zikapiga chini. Taa ikawaka sekunde zake, ikazima.

Gunia akakaa kitandani. Alielewa kila kitu kwa mpigo, na hakikuwa kitu cha chipu wala rezista. Alikuwa ameipima sponji ile kwa mguu mmoja tu, mguu wake. Zulia lilikuwa limeambiwa kwamba mtu ni kile kitu chenye kilo mia na ushee, na kilicho pungufu ya hapo ni paka.

"Una kilo ngapi?" aliuliza.

"Mzee!"

"Samahani. Sikukusudia vibaya." Kisha akasema, huku anatazama sakafu, lile neno ambalo hakuwahi kumwambia mtu: "Mimi sisikii, mama. Masikio yamekufa. Hilo zulia ndilo nililiweka liniambie mtu akija."

Ilibidi mshonaji aingie, asimame mbele yake, amwinue kidevu kwa kidole ili jibu lisipotee.

"Sasa hiyo ni habari? Jengo zima linajua. Unadhani kwa nini nakushika mkono kila nikikusemesha? Nilishakuja hapa na bakuli la chakula, nikabisha, nikajua hunisikii, nikarudi nalo. Mwenye nyumba anajua. Muuza mkate anajua."

"Binti yangu hajui."

Mshonaji akakiachia kidevu chake. "Mimi nilidhani anajua," alisema. "Si baba yake? Nikadhani mmegombana, basi." Akavuta futi yake shingoni, akaikunja, akaikunjua. Kisha akashuka, maana alikuwa na gauni la mtu.

Gunia alichukua simu. Aliandika, akafuta. Aliandika ujumbe mrefu wenye kiwanda na pamba ndani yake, akafuta. Mwisho akaandika kama fundi anavyoandika ripoti ya mashine iliyoharibika:

"Mwanangu, mimi ni kiziwi miaka mingi. Mama yako alinifichia siri. Siku ya msiba sikusikia uliniambia nini. Siku ya mluzi sikusikia. Mlangoni niliweka zulia lenye swichi linijulishe ukija, lakini nililipima kwa uzito wangu, halikukuhisi. Nataka kulirekebisha. Una kilo ngapi?"

Akautuma kabla hajabadilisha mawazo.

Kisha akangoja. Hakuna taa ya kungojea ujumbe wa mtoto, akaishika simu mkononi ili auhisi mtetemo. Jioni ikaingia, hakuna kitu. Alijiambia yuko safarini. Alijiambia simu yake imezima. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho kumnyanyua binti yake, alikuwa mzito kiasi gani, na kilichomjia mikononi ni mtoto wa darasa la kwanza mwenye sketi ya shule, na uzito huo haukuwa na msaada wowote kwenye sponji. Alilala na simu kifuani.

Ikatetemeka asubuhi, akiwa anachemsha maji.

"Hamsini na tatu," binti aliandika.

Gunia akazima jiko. Akaliingiza zulia ndani, akaligeuza, akaanza kufumua mishono ya pembeni ili atoe tabaka la juu la sponji, haraka haraka, kana kwamba mtu yuko tayari kwenye ngazi. Hamsini na tatu. Nusu yake, na chini ya hapo. Alikuwa ameshika mkasi simu ilipotetemeka tena.

"Lakini jana sikubisha Baba. Nilishindwa. Nilisimama tu mlangoni muda mrefu, nikaondoka."

Aliusoma akiwa amepiga magoti sakafuni, karatasi za aluminiamu zimemzunguka. Akausoma tena. Kwa hiyo jana hata mwenye masikio mazima asingesikia kitu. Hata mama yake angekuwa hai, ameketi palepale kwenye kiti, asingemgusa mtu bega. Mtoto alikuja kimya, akasimama kimya, akaondoka kimya, na kitu pekee katika nyumba nzima ambacho kingeweza kumwambia kwamba yupo kilikuwa chini ya miguu yake, nacho kilikuwa kimefundishwa na mzee huyu, peke yake, kwa kutumia kioo, kumtambua mzee huyu tu.

Akaweka simu chini, akakata sponji.